Pikipiki Isiyotaka Kuwaka Alfajiri



Msomaji asistaajabu kuona mwalimu wa madrasa anaandika habari za pikipiki. Sisi si mafundi wa gereji. Kazi yetu ni kuwafundisha watoto alifu kwa ujiti hapa Chole, wilaya ya Kisarawe, na elimu yetu ya shule iliishia katika shule ya msingi. Walakini yapata miaka kumi na mitano sasa twamiliki pikipiki ambayo hutuchukua kutoka madrasa hii kwenda ile, alfajiri na jioni, na katika muda huo imetubidi kujifunza tabia zake kama mtu ajifunzavyo tabia za punda wake. Tena chombo hiki katika vijiji vyetu kimekwisha kuwa mtu wa nyumbani. Hulala ndani pamoja na wenyewe kwa kuogopa wezi, hula kabla ya watoto kula, na siku kikiugua nyumba nzima huugua. Zamani mtu wa huku aliyekuwa na safari ya Maneromango au Mzenga alikwenda kwa miguu au kwa baiskeli, au alikaa njiani akingoja gari la mizigo. Leo mgonjwa, mwalimu, gunia la mkaa, kapu la mihogo na bibi harusi, wote hupanda pikipiki hiyo hiyo moja.

Katika magonjwa ya pikipiki uko mmoja ambao watu huudharau, nao ni ule wa kukataa kuwaka asubuhi. Mwenye chombo hupiga kiki mara ishirini, thelathini, hata mguu ukafa ganzi. Kisha huita watoto wakaisukuma mteremkoni, ikakohoa, ikawaka. Ikisha kupata moto hufanya kazi mchana kutwa bila ya matata, na ukiizima ukaiwasha tena huitikia kwa kiki moja. Basi mwenyewe husahau, mpaka kesho alfajiri. Na alfajiri ndiyo saa ambayo chombo hutakiwa zaidi: uchungu wa kuzaa haungoji jua lichomoze, wala mtoto mwenye degedege hangoji, na gari la kwenda mjini likiondoka limeondoka.

Yafaa kwanza kujua kwa nini baridi na pikipiki hazipatani. Wengi hudhani ya kuwa petroli huwaka. Kwa hakika petroli ikiwa bado majimaji haiwaki; kiwakacho ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo una kipimo chake. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli hutaka hewa sehemu zisizopungua 14 na kitu. Kabureta ndiyo mpishi anayepima viungo hivyo. Sasa injini ikiwa ya baridi, sehemu ya petroli hugandama katika kuta za njia yake mithili ya umande, isigeuke mvuke, na kinachofika mbele ya plagi huwa ni hewa tupu yenye harufu ya petroli. Ndiyo maana wakatengeneza choki. Choki haiongezi mafuta kwa kuyamwaga, kama wengi wasemavyo. Kazi yake ni kuziba njia ya hewa, ili pumzi ya injini ivute petroli nyingi zaidi na hewa kidogo, na katika wingi huo upatikane mvuke wa kutosha.

Taabu hii ni kongwe kama pikipiki yenyewe. Mwaka 1885 Mjerumani Gottlieb Daimler, pamoja na mwenziwe Wilhelm Maybach, walipoweka injini ya petroli katika baiskeli ya mbao, hawakuwa na plagi ya umeme. Walitumia kijibomba cha madini ambacho hapana budi kichomwe kwa moto mpaka kiwe chekundu, ndipo injini iweze kuwashwa. Kijana wa leo anayelalamika kupiga kiki mara tatu angeambiwa awashe kwanza taa chini ya kiti chake, asingeipenda kazi hiyo, na baiskeli yenyewe ilikuwa ya mbao!

Lakini hapa twaomba msomaji atege sikio, maana hapa ndipo watu wetu hupotea. Baridi yetu si ya Ulaya. Kipupwe cha mwezi wa Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukivuma, usiku wa Dar es Salaam hushuka kukaribia nyuzi 18 za sentigredi, na huku kwetu vilimani na mabondeni panazidi kidogo kwa ubaridi na umande. Ubaridi kama huo hauwezi kuzuia pikipiki nzima isiwake. Pikipiki yenye afya hapa Chole huwaka kwa kiki mbili au tatu mwezi wo wote wa mwaka. Basi ikikataa, msiseme ni baridi. Baridi ni shahidi tu anayekuja kutoboa siri. Ugonjwa ulikuwamo tangu zamani, na joto la mchana lilikuwa likiuficha.

Tutasimulia kisa cha kijana mmoja aliyesoma kwetu, kwa sababu kisa chake kilikaribia kuvunja ujirani wa kijiji. Jina lake halina haja. Alipewa pikipiki na tajiri kwa mkataba: kila wiki apeleke hesabu, na baada ya muda waliopatana pikipiki iwe mali yake. Ilibaki miezi mitatu. Katika kipupwe cha mwaka 2024 ikaanza kukataa kuwaka asubuhi. Akaipeleka kwa fundi, akabadilishiwa plagi. Haikufaa. Akabadilishiwa koili. Haikufaa. Mwisho akauziwa kabureta nzima mpya, kwa fedha iliyokuwa hesabu ya tajiri. Haikufaa. Usiku mmoja akaitwa kumpeleka mzazi zahanati, akapiga kiki mpaka akalia machozi, na mzazi yule akachukuliwa na dereva mwingine wa kijiwe kile kile. Alhamdulillah mama na mtoto walipona. Lakini dereva huyo mwingine ndiye ambaye wiki moja nyuma walikuwa wamegombana juu ya abiria. Na toka siku hiyo maneno yakaanza kutambaa, ya kwamba si bure, mtu kafungwa.

Mama yake akatujia baada ya sala ya adhuhuri, akakaa barazani pa madrasa, akasema, "Maalim, nimekuja na shida. Mwanao kafungwa, na aliyemfunga twamjua. Tuandikie kitu tukifunge kwenye usukani." Tukamwuliza, "Dada, pikipiki ikisha kuwaka, hufanyaje?" Akajibu, "Ikisha kuwaka haina neno hata usiku." Tukamwambia, "Basi huyo mchawi ni wa ajabu sana, anayefunga saa kumi na moja alfajiri na kufungua saa moja. Hirizi haisafishi kabureta, dada yangu. Mwambie mwanao alete pikipiki jioni ya leo, ilale kwetu, na mtu asiiguse mpaka tutoke msikitini."

Neno hilo la kulala ndilo shina la maneno yetu yote. Kijana alikuwa amekwenda kwa mafundi mara nne, na mara zote alikwenda nayo ikiwa imekwisha kuwaka, amekwisha kuipanda mwendo wa nusu saa. Fundi huipiga kiki, ikaitikia mara moja. Yeye naye afanye nini? Hauoni ugonjwa, mteja analalamika, basi hubadilisha kitu. Ni kama mgonjwa wa homa za vipindi anayefika kwa daktari saa ambayo homa imeshuka. Ugonjwa wa baridi hutafutwa katika baridi, pale pale chombo kilipolala, kabla ya kiki ya kwanza. Na kwa kuwa fundi halali nyumbani kwetu, hapana budi mwenye nyumba mwenyewe ajue kutazama. Hata akiwa hawezi kutengeneza, aweze kumpelekea fundi habari za kweli, au amwachie fundi pikipiki ilale gerejini mpaka asubuhi.

Fundi mmoja mzee wa Maneromango, ambaye kwa miaka mingi alitengeneza pikipiki yetu, alitufundisha ya kuwa injini hudai vitu vinne tu: mafuta, cheche, hewa, na mgandamizo wa pistoni, ambao mafundi huuita kompresheni. Kikikosekana kimoja, haiwaki. Na katika kutafuta, alikuwa akianza siku zote na lile lisilogharimu senti, ndipo aende kwenye la senti, na mwisho kabisa la fedha nyingi. Mafundi vijana wengi hufuata njia ya kinyume, pengine kwa haraka, pengine kwa kuwa kipuri kipya kina faida.

Basi alfajiri ile, umande ungali juu ya tanki, tulianza na yasiyogharimu. Koki ya mafuta imefunguliwa? Imefunguliwa. Swichi ya kuzimia iko mahali pake? Ipo. (Msicheke, tumewahi kumwona mtu akisukuma pikipiki mpaka jasho likamtoka kumbe kidole cha mtoto kilibonyeza swichi hiyo usiku.) Kisha tukatazama choki. Kijiti chake kikipandishwa na kushushwa si hoja. Hoja ni kama bamba lililo ndani linafunga kweli. Tukaondoa mpira wa hewa, tukamwambia kijana ainue kijiti, nasi tukachungulia kwa tochi: bamba likafunga vizuri. Kabureta mpya ilikuwa safi. Mara nyingi hapa ndipo ugonjwa huonekana, kijiti chaenda na bamba halendi, na dawa yake ni tone la oili na kunyosha kijiti kilichopinda.

Tukampa ruhusa apige kiki nane akiwa na choki. Haikuwaka. Tukafungua plagi. Hapa plagi ni kama ulimi wa mgonjwa anaoutazama daktari. Ikitoka kavu baada ya kiki nyingi, ujue mafuta hayafiki: koki imeziba, au kijitundu chembamba cha kabureta, kile kinacholisha injini wakati wa taratibu, kimezibwa na uchafu mdogo kama mbegu ya mchicha. Ikitoka imelowa, mafuta yamefika, lakini ama cheche haipo, ama mafuta hayo hayataki kuwa mvuke, ama mgandamizo hautoshi. Ya kijana ilitoka imelowa. Ndiyo maana fundi wake alidhani cheche ni dhaifu, akabadilisha plagi na koili. Hakukosa akili, alikosa kuendelea.

Tukaikausha plagi, tukaichomeka katika waya wake, tukaigusisha katika chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka, kijana akapiga kiki. Cheche ikaruka, ya buluu, yenye sauti. Jambo hili lafanywe nje, penye upepo, pasiwe na petroli iliyomwagika wala kitambaa kilicholowa karibu, kwa sababu cheche hiyo ambayo twaitafuta haitofautishi kati ya injini na kanzu ya mtu. Tukapima pia nafasi iliyo katika ncha za plagi. Katika pikipiki nyingi ndogo ni kama sehemu saba za milimita moja iliyogawanywa kwa kumi, ila kila pikipiki ina kitabu chake, na kitabu ndicho cha kufuatwa. Yake ilikuwa sawa.

Yakabaki mafuta na mgandamizo. Chini ya kabureta kuna skrubu ndogo ya kutolea mafuta yaliyomo katika kibakuli chake. Tukaifungua, tukakinga kwa glasi nyeupe. Ikiwamo maji, huonekana chini kama shanga, kwa maana maji ni mazito kuliko petroli. Jambo hili ni la kawaida katika masika, mvua ikipita katika kifuniko cha tanki. Hapakuwa na maji. Lakini harufu haikuwa ile kali ya petroli mpya inayopanda puani. Ilikuwa nzito, yenye uchachu. Tukadondosha tone katika karatasi nyeupe, na pembeni yake tone la petroli tuliyokuwa nayo, iliyonunuliwa kituoni mjini juzi yake. Tone letu likapotea upesi bila ya kuacha alama. Tone lake likakawia, likaacha duara.

Alama kama hiyo yaweza kuwa ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi kama 38 au zaidi, hali petroli hutoa mvuke wake hata katika baridi inayogandisha maji na zaidi ya hapo. Kwa hiyo petroli iliyotiwa mafuta ya taa hukataa injini ya baridi na kukubali ya moto. Zamani uchanganyaji huo ulikuwa biashara kubwa kwa kuwa kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo. Ndipo Serikali ikaipandisha mwaka 2011 kwa ajili ya kuukomesha. Lakini kuna njia ya pili ya kuharibika, isiyo na mwizi ndani yake. Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mafuta mepesi na mazito. Mepesi ndiyo yanayoruka kwanza, na hayo mepesi ndiyo yanayowasha injini ya baridi. Ikikaa wiki nyingi katika chupa ya maji ya kunywa yenye kifuniko kilicholegea, jua la mchana likiipiga, mepesi yake huenda zake, na kinachobaki ni mazito, yanayofaa kwa injini iliyokwisha pata moto.

Tukamwuliza kijana, "Wanunua wapi?" Akainamisha kichwa, akasema ya kuwa tangu hesabu ilipomlemea hanunui tena kituoni, bali huchukua kwa mkopo katika kibanda kimoja ambacho wateja wake ni wachache, na chupa hupangwa juu ya meza mbele ya kibanda toka asubuhi hata magharibi. Dereva yule aliyetuhumiwa yeye hushuka mjini karibu kila siku, na hujaza huko. Basi siri ya uchawi ikawa ndiyo hiyo.

Ili tusiseme kwa kudhani, tukafanya jaribio la mwisho. Tukamwaga yaliyomo katika tanki na kabureta, tukatia yetu, tukarudisha plagi iliyokauka. Kiki ya tano ikawaka. Kijana akashangilia, mama yake ambaye alikuwa amesimama mlangoni akapiga kigelegele. Lakini sisi hatukuridhika na hiyo ya tano. Petroli mpya, plagi kavu, cheche nzuri, choki inayofunga: ilipaswa iwake kwa kiki mbili. Tukamwambia aizime, airudishe kesho.

Kesho yake tulikandamiza kiki kwa mkono taratibu, bila ya kuwasha. Pikipiki nzima, pistoni ikipanda, husimamisha mguu wa kiki kama mtu anayekushika mkono. Ya kijana ilikuwa ikishuka polepole huku ndani kukisikika pumzi inayovuja. Kila injini ya namna hii ina vali, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi, na kati ya vali na kile kinachoisukuma lazima iwepo nafasi ndogo mno, kiasi cha unene wa karatasi moja ya daftari au pungufu. Kadiri vali inavyolika katika kiti chake, nafasi hiyo huzidi kuwa finyu, mpaka ikatoweka, na vali ikawa haifungi barabara. Injini ikienda kwa kasi hewa haipati nafasi ya kuvuja, basi mwenyewe haoni kitu. Lakini kiki ya asubuhi ni ya polepole, na oili ya baridi ni nzito, ndipo nusu ya pumzi hupotea. Kazi hii tulimwachia fundi. Vali hupimwa kwa vibati vyembamba vya kupimia, injini ikiwa baridi kabisa, na hiyo ni sababu nyingine ya pikipiki kulala gerejini. Akakuta nafasi ya vali moja imekwisha kabisa. Kuirekebisha kulichukua muda mfupi, wala hakikununuliwa kipuri hata kimoja. Ni maradhi mawili yaliyokuwa katika mwili mmoja, kila moja likimsaidia mwenziwe. Kijana angemaliza duka zima la vipuri asingeyapata.

Sababu nyingine twazitaja kwa upesi. Chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara zetu huizuia hewa kama choki. Kwa hiyo pikipiki yenye chujio chafu aghalabu huwaka vizuri asubuhi, kisha ikipata moto hulemewa na kutoa moshi mweusi. Ukiona hivyo, ugonjwa wako ni kinyume cha huu tunaousema. Betri dhaifu hujionyesha kwa stata inayozunguka kwa kuvutwa. Kandamiza klachi, zima taa, na kama kuna kiki itumie kiki. Oili nayo ina namba mbili katika kopo, kama vile 20W-50. Ile ya kwanza yaonyesha uzito wake katika baridi, na ndogo ni nyepesi zaidi. Kwa pwani 20W-50 yafaa sana.

Pwani tumesema, kwa sababu msafiri ana hesabu nyingine. Tuliwahi kwenda Lushoto kwa pikipiki, safari ya siku mbili, na asubuhi ya kwanza huko milimani tuliamka chombo kimelowa kama kilichotolewa kisimani. Anayekwenda Njombe au Makete mwezi wa Julai atakuta baridi kubwa zaidi, mahali pengine hata umande hugeuka barafu. Ugonjwa ambao Chole ulikuwa wajificha, huko utadhihirika wazi asubuhi ya kwanza, mbali na fundi anayekujua. Kwa hiyo mwenye safari ndefu na apimishe vali na plagi kabla ya kuondoka, wala asijaze tanki kwa petroli ya chupani. Tena ajue ya kuwa milimani hewa ni nyepesi, mchanganyiko wenyewe huelekea kuzidi mafuta. Choki aiondoe mapema kuliko alivyozoea, la sivyo plagi italowa. Pikipiki kubwa za safari za siku hizi, zile zisizo na kabureta, hazina choki ya kuvutwa. Zina kipima joto kinachoiarifu mashine iongeze mafuta chenyewe. Kwa hizo, fungua ufunguo, ngoja sekunde mbili tatu usikie pampu ikinyamaza, ndipo ubonyeze stata. Na zikikataa baridi, kipima joto hicho ni mmoja wa watuhumiwa wa kwanza.

Limebaki la nyumbani, nalo twaliwaambia zaidi akina mama. Pikipiki hulala sebuleni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi dari, bali hushuka na kutambaa sakafuni, ukafika mpaka kwenye kibatari au jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Petroli isipunguzwe ndani, kabureta isifunguliwe ndani, na ukisikia harufu usiku usiwashe kibiriti ili uone inakotoka. Wala pikipiki isiwashwe ndani asubuhi ya mvua ati ipate moto kwanza. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watoto waliolala mkekani ndio watakaoivuta. Itolewe uani, ndipo ipigwe kiki. Na nyumba yenye mja mzito isitegemee pikipiki moja pekee: mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura kwa wazazi na watoto wachanga umeenezwa nchini toka mwaka 2022, na simu yake ya bure ni 115.

Kuhusu yule kijana, kabureta yake ya zamani ilionekana haina kosa lo lote, akaiuza akapunguza deni. Tulimwita na mwenziwe wa kijiwe, tukawakalisha barazani pa madrasa, tukaweka mbele yao glasi mbili za petroli na karatasi yenye madoa mawili. Hatukutoa hotuba. Yule aliyetuhumiwa aliitazama karatasi kwa muda, akacheka, akasema, "Na mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia mke wangu tuhame kijiwe." Mama wa kijana akamwomba radhi mbele ya watu watatu. Mwenye kibanda tulimwendea sisi wenyewe jioni, bila ya kundi la watu, maana naye alikuwa hajui. Siku hizi petroli yake hukaa ndani ya dumu lenye kifuniko cha kukaza, kivulini, na hununua kidogo kidogo. Mkataba wa pikipiki ulikwisha mwezi wa Desemba.